Kuuza viazi Umalila, Uporoto na Njombe bila kupigwa na wajanja

Ujanja unaommaliza mkulima wa viazi huku kwetu nyanda za juu kusini hupita mlango mmoja: anasukumwa auze akiwa amebanwa. Viazi vimeshachimbwa, wingu limetanda juu ya Uporoto, Fuso inaunguruma barabarani, vibarua wanadai hela yao na mwenye fedha anatazama saa. Hapo hata mtu mwenye akili zake timamu anakubali bei aliyoikataa asubuhi. Anayetaka kukupiga analijua hilo, ndiyo maana kazi yake kubwa anaifanya siku nyingi kabla gunia la kwanza halijashonwa.

Nimezipanga hatua hizi kwa mfuatano wa shughuli yenyewe, kuanzia viazi vikiwa bado kwenye tuta mpaka hela iwe mkononi. Nimeshika viazi kwa sababu ndiyo biashara ninayoiona kila msimu kuanzia Ilembo hadi Isyonje, na Njombe hali ni hiyo hiyo. Anayeuza nyanya Ilula atakuta mengi yanamhusu, ingawa yeye anapambana na tenga. Wanunuzi waaminifu wapo, tena wengi, na hakuna hatua hapa itakayomkwaza mtu aliyekuja kununua kwa haki.

Hatua ya 1: Jua bei kabla hujaambiwa bei

Anza wiki mbili tatu kabla ya kuchimba. Piga simu kwa watu watatu wasiojuana: mmoja aliyeko sokoni Dar es Salaam, Mabibo au Temeke Stereo; mwingine wa Mwanjelwa au Uyole; na wa tatu dereva anayebeba viazi. Usimdharau dereva. Yeye analipwa nauli, viazi vipande au vishuke, kwa hiyo hana sababu ya kukuficha, na anajua wiki hii yameondoka magari mangapi. Wizara ya Viwanda na Biashara nayo hutoa bei za jumla za mazao makuu ya chakula kwenye masoko ya mikoa, viazi mviringo vikiwemo, na huziandika kwa gunia la kilo 100. Mwombe afisa ugani au kijana yeyote mwenye simu janja akutafutie.

Ukishaambiwa bei ya Dar, uliza palepale: gunia la kilo ngapi? Mtu akikutajia bei ya gunia kumbe anazungumzia lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa kupita kilo 100, hesabu yako yote imeharibika. Kila bei unayosikia igeuze iwe ya kilo moja, uiandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la aliyekuambia. Kisha toa nauli, kupakia na kushusha, ushuru, gunia na kamba, na viazi vitakavyochubuka na kuoza kwenye safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Toa pia faida ya mnunuzi, maana naye hakuja kutembea. Kinachobaki kinakuonyesha bei inayowezekana shambani kwako. Chagua humo bei ambayo chini yake huuzi.

Bei hiyo ikubaliwe nyumbani kabla ya siku ya gari. Mnunuzi mjanja akiona mume na mke hawako pamoja, anamwacha aliyesimama imara na kumfuata yule mwenye shida ya haraka, labda ada ya mtoto au deni la mbolea.

Hatua ya 2: Kata majani, lakini usichimbe

Kama utafuata hatua moja tu katika hizi zote, ifuate hii.

Mbinu yenyewe huenda hivi. Anakuja dalali mchangamfu, anakwangua tuta, anasifia viazi, anataja bei inayozidi ya majirani wote. Habishani. Anasema gari linafika Alhamisi, chimbeni mapema msimcheleweshe, na anaacha elfu hamsini ya kushikia mzigo. Unaita vibarua, shamba zima linachimbwa. Alhamisi gari haliji. Ijumaa simu inaita haipokelewi. Jumamosi inapokelewa: gari limeharibika Makambako, vumilieni. Jumapili viazi vya juu ya lundo vimeanza kuwa vya kijani, vya chini vimelowa, na vibarua wamekaa mlangoni. Jumatatu anapita mtu mwingine kabisa, anasema yeye alikuwa na safari zake tu, anatoa nusu ya ile bei lakini ana hela taslimu. Familia inamshukuru na kumpikia chai. Usishangae ukija kusikia baadaye kwamba wawili hao wanakula sahani moja.

Nguvu ya mbinu hii iko kwenye kiazi chenyewe. Kikishatoka ardhini kinaanza kuhesabu siku zake. Mwanga wa jua unakifanya kijani na kichungu, na kiazi cha kijani hakifai kuliwa kwa sababu kina sumu. Kikiwa bado kwenye tuta, mwenye haraka ni mnunuzi, kwa kuwa gari lake linamla hela kila siku linapolala.

Kwa hiyo fanya hivi. Viazi vikikomaa, kata majani na mashina yote, uache kama wiki mbili. Ganda litakaza. Jaribu kwa kidole gumba: sukuma ganda kwa nguvu, likichubuka bado, likigoma tayari. Viazi vya namna hiyo vinaweza kukusubiri ardhini wiki kadhaa kwenye udongo usiotuamisha maji, hasa kwenye baridi ya huku kwetu. Hili lina mipaka yake. Shamba likiwa na mnyauko, au ni vinyungu vya bondeni ambako maji yanapanda, au nondo wa viazi ameshaonekana, usikawie. Panga mauzo yako mapema zaidi.

Mnunuzi akitaka kuona mzigo, chimba mashina matano: pembe nne za shamba na katikati. Hiyo inatosha kumwonyesha ukubwa na afya ya viazi. Shamba lililobaki lichimbwe pale tu gari likiwa limeshafika kijijini, au akiwa ametoa malipo ya awali yanayoweza kuwalipa vibarua wote wa kuchimba. Elfu hamsini ya kushikia haiwalipi. Mtu akitoa malipo ya awali ya kutosha na asirudi, hasara imegawanyika. Asipotoa kitu, yote ni yako.

Na kama umeshachimba na gari halijaja, vitoe juani leo hii. Viweke chumba chenye giza na hewa, juu ya majani makavu au vichanja, usivifunike kwa turubai la plastiki maana vitatoa jasho na kuoza. Kisha wapigie wale watu watatu wa hatua ya kwanza kabla ya kumpokea anayepita njia.

Hatua ya 3: Mpokee dalali, lakini ongea na mwenye hela

Dalali si adui. Anayewajua wanunuzi kumi anakuokolea nauli na muda, na anastahili ujira wake. Muulize waziwazi: unalipwa na nani, na shilingi ngapi kwa gunia? Wa kweli anajibu bila kuzunguka.

Wa kuogopwa ni yule anayeweka cha juu kimyakimya. Mnunuzi amempa bei ya 800 kwa kilo, yeye anakuambia 600, halafu bado anakudai ujira. Ili afanikiwe lazima nyinyi wawili msizungumze, na hapo ndipo utamkamata. Utamsikia akisema tajiri hapendi kusumbuliwa, tajiri hajui Kiswahili vizuri, tajiri amelala kwenye gari. Simama hapo hapo. Mwambie kwa upole, "Kaka, naomba nimsalimie tajiri wako, mzigo ni wangu." Mkishaonana, taja bei mliyopatana mbele ya wote watatu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayethibitisha tu. Nyuso zao zitakuambia mengi.

Kuna na ujanja wa undugu. Mtu anafika Njombe au Iringa, anasalimia "Kamwene" kwa lafudhi safi, anataja ukoo wa mama yake, anauliza habari za mzee. Akiwa Rungwe anageuza Kinyakyusa. Salamu ipokee kwa heshima yote kama tulivyolelewa, mkaribishe kiti na chai. Halafu pima viazi kama ungempimia mgeni.

Hatua ya 4: Patana kwa kilo

Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni kinyume cha sheria, na bado ipo, kwa sababu haionekani kuwa ni wizi. Gunia linajaa, wanashindilia, wanaongeza viazi juu, wanashonea kipande cha wavu au kiroba kingine, na lile pindo linaitwa desturi. Mkulima anaambiwa, "Mzee, kila mtu anafunga hivi." Lumbesa hufika kilo 120, 130, na wakati mwingine zaidi.

Weka hesabu mezani. Tuseme umeuza gunia 40 na kila moja lina kilo 130. Umetoa kilo 30 za ziada mara 40, yaani kilo 1,200, ambazo ni gunia 12 kamili. Kwa bei ya shilingi 700 kwa kilo, hiyo ni shilingi 840,000 iliyopanda gari bila kulipiwa. Mnunuzi angekuja shambani usiku akaondoka na gunia 12 za jirani, kijiji kizima kingeamka.

Namna ya kuikwepa ni kutotaja neno gunia kabisa wakati wa kupatana. Akisema, "Nakupa elfu themanini kwa gunia," wewe jibu, "Kwa kilo unanipa ngapi?" Akishataja ya kilo, mwache afunge atakavyo ndani ya kilo 100, kila kilo inalipiwa. Mnunuzi anayekataa kilo katakata amekueleza biashara yake. Mwache aende.

Najua jibu la wengi: peke yangu nikikataa, ataenda kwa jirani. Ni kweli. Ndiyo maana hatua hii inafanya kazi vizuri mkiwa watu watano au kumi wa kitongoji kimoja mnaochimba wiki moja, mmekubaliana bei ya kilo na mna mizani yenu. Gari la tani kadhaa haliwezi kujaa kwa mkulima mmoja mmoja wa ekari moja. Kitongoji mkisimama pamoja, linawahitaji nyinyi.

Hatua ya 5: Simamia mizani kwa macho yako

Mizani inayotumika kwenye biashara inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Itazame stika, usome mwaka. Lakini stika peke yake haitoshi, maana mizani inaweza kuharibika au kuharibiwa baada ya kuhakikiwa. Ijaribu kwa kitu ambacho uzito wake unaujua. Mifuko miwili ya saruji ambayo haijafunguliwa ni kilo 100. Ipime yote miwili kwa pamoja, kwa sababu kuna mizani inayosema kweli kwenye kilo 20 na kudanganya kwenye 100. Duka la vifaa la kijijini watakuazima kwa dakika tano. Usipoipata, lita 20 za maji ni kilo 20. Pima dumu tupu kwanza, kisha tia lita 20 kamili ulipime tena, na tofauti iwe 20.

Kwenye mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, angalia mshale umekaa kwenye sifuri kabla ya kila gunia, sio mwanzoni tu. Boriti iwe imara na gunia lining'inie bila kugusa ardhi. Kisha tazama miguu na mikono ya watu, na namba isome mwisho. Kibarua mmoja husimama nyuma ya gunia akijifanya analituliza lisiyumbe. Goti lake liko chini ya gunia. Analiinua kidogo sana, mshale unarudi kilo tano sita, msomaji anasoma haraka, gunia linashushwa. Sema tu, "Vijana, kila mtu arudi nyuma hatua mbili," na subiri gunia litulie lenyewe. Ukilisema kwenye gunia la kwanza, kwa kawaida hutalisema tena.

Mizani ya kidijitali ina lake. Mtu anakanyaga sahani wakati inawashwa au inarudishwa sifuri, kisha anaondoa mguu. Kioo kinaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba, na anaweka gunia upesi kabla hujaiona. Sharti liwe hili: kioo kisome sifuri kamili, mkulima aseme "sawa", ndipo gunia lipande.

Watakuomba pia upunguze kilo mbili kwa kila gunia kufidia uzito wa gunia lenyewe. Kiroba cha plastiki hakifiki robo kilo. Gunia la katani ni kama kilo moja. Pima viroba kumi vitupu kwa pamoja mbele yao, ugawe kwa kumi, na hicho ndicho kipunguzwe.

Kuhusu udongo na viazi vidogo, mnunuzi ana haki ya kukataa. Chagueni pamoja kabla ya kupima, na vile vilivyokataliwa vibaki kwako. Visipande gari kama nyongeza ya bure.

Hatua ya 6: Andika kila gunia

Watu wawili waandike, mmoja wako na mmoja wake, kila mmoja na daftari lake. Namba ya gunia, kilo zake, mstari unaofuata. Kila gunia kumi mlinganishe na kutia saini. Mali bila daftari huisha bila habari, wazee hawakukosea. Gunia lililopimwa litiwe alama ya rangi au kalamu nzito, liwekwe upande wake, lisichanganywe na ambayo bado. Na upakiaji ufanyike mchana. Wakikuambia gari limechelewa hivyo mtapakia saa tatu usiku kwa tochi ya simu, waambie walale, mtapakia alfajiri.

Ushuru wa mazao wa halmashauri uzungumzwe mapema ili usije ukakatwa ghafla kwenye hela yako, na anayelipa adai risiti.

Hatua ya 7: Hela kwanza, gari baadaye

Gari lisitoke uwanjani kabla hujalipwa yote. "Nitakumalizia nikifika Dar" ndiyo sentensi iliyozalisha madeni mengi yasiyolipwa katika vijiji vyetu. Akisema amepungukiwa, gunia zinazolingana na kilichopungua zishuke, atazifuata akiwa tayari.

Fedha taslimu ihesabiwe ndani, mlango ukiwa umefungwa, na watu wako wawili. Kila noti ya elfu kumi iinue kwenye mwanga na uipapase. Akilipa kwa simu, usiamini ujumbe kwenye kioo chake wala ujumbe ulioingia kwako. Ujumbe wa kughushi unatumwa na mtu yeyote mwenye simu, na huwa na maneno yaleyale, hata salio. Fungua menyu ya mtandao wako mwenyewe, weka namba yako ya siri, angalia salio. Limeongezeka, umelipwa. Halijaongezeka, hujalipwa, hata akikuonyesha nini. Akidai mtandao uko chini, subirini pamoja. Kwa kiasi kikubwa ni salama zaidi mkaenda wote benki au kwa wakala mjini, gari likibaki kijijini na mtu wako.

Hatua ya 8: Ukishapigwa

Usinyamaze kwa aibu. Wanaokupiga wanategemea aibu hiyo. Suala la mizani au lumbesa lipeleke ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Mtu aliyechukua mzigo kwa ahadi ya uongo au kwa ujumbe wa malipo wa kughushi ripoti polisi: kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kama ni deni tu la mtu unayemjua, Mahakama ya Mwanzo inasikiliza madai ya namna hiyo. Na kama ulikubali mkataba kwa kudanganywa, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakupa wewe uliyedanganywa nafasi ya kuomba ubatilishwe.

Kote huko utaulizwa vitu vilevile, kwa hiyo vikusanye siku ileile ya kuuza, hata kama kila kitu kimekwenda vizuri: namba ya usajili wa gari, picha yake likiwa limepakia, jina la dereva na namba yake ya simu, picha ya kitambulisho cha mnunuzi, kurasa za daftari zenye saini zenu, na karatasi fupi ya makubaliano yenye bei ya kilo, jumla ya kilo na kiasi kilicholipwa. Mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji aisaini kama shahidi. Nakala moja iache ofisini kwake.